Mstari wa Penseli

Jumanne, 9 Aprili

Leo nimeambiwa napumua kwa kelele. Kupumua! Shangazi ndivyo alivyo. Ni dada mkubwa wa Baba. Jicho lake la kulia lilishakufa zamani, la kushoto limepasuliwa na kufungwa bandeji. Kwa hiyo haoni kitu – isipokuwa makosa yangu.

Siku ya kumi na nane niko hapa. Chumba cha kulala, chumba cha cherehani, basi. Yeye ni fundi wa sare za shule. Kola zimekwisha, sasa natia vifungo kwenye mashati sitini na nne. Mashati ya watoto watakaokwenda shule.

Yetu inafunguliwa tarehe 22. Shangazi kasema, "Shule itafunguliwa, na jicho langu je? Nani atanishika mkono mpaka chooni, mwalimu mkuu?" Baba kwenye simu: vumilia mwanangu, yule ni damu yetu. Nikasema sawa. Mimi huwa nasema sawa. Sijawahi kumwambia mtu mzima "sitaki", hata mara moja. Shangazi kanibatiza Mnong'ono.

Ijumaa, 12 Aprili

Kifurushi! Kimetoka kwa Kaka, mtoto wa pekee wa Shangazi. Hajakanyaga hapa miaka mitatu, tangu Shangazi alipomwita mke wake "yule" mbele za wageni. Bado anamwita hivyo. Wana mtoto sasa, Shangazi hajampakata.

Ndani: kitabu kimoja, chembamba, cha Kiingereza. Falsafa. Kinahusu kuwapenda watu wagumu kupendwa. Nilisoma jalada kimoyomoyo, nikatamani kukirudisha kwenye bahasha.

"Kinasema nini?"

"Kinahusu... upendo, Shangazi."

"Upendo! Huyo?"

Halafu simu yake ikalia, meseji, nikamsomea: Mama, kuna sehemu moja nimepiga mstari. Basi. Hata salamu hakuna.

Shangazi hajui Kiingereza, na hatakiri. Kaniambia, "Utanisomea kwa Kiswahili. Macho yamechoka na hizo lugha." Macho yenyewe yamefungwa!

Jumapili, 14 Aprili

Tunasoma baada ya chakula cha mchana. Natafsiri papo hapo. Mwandishi anauliza: ukimpenda mtu kwa sababu anapendeka, hapo umefanya kazi gani? Shangazi kacheka mpaka kashika bandeji. "Huyu ana akili, ila anazunguka kama mteja asiyejua vipimo vyake."

Nami nikacheka. Kwa nusu dakika nilimpenda kweli. Halafu akapapasa shati nililomaliza, akasema uzi umelegea, nifumue vifungo vyote.

Kila ukurasa anauliza: "Pana mstari?" Hapana, Shangazi. "Geuza."

Jumatatu, 15 Aprili

Ukurasa wa arobaini na moja. Penseli imekandamizwa mpaka karatasi imebonyea. Nilitaka kuruka. Lakini alikuwa kanisogelea, na vidole vya fundi si mchezo – kimoja kikapita nyuma ya karatasi, kikasimama.

"Ni hapa."

Kimeandikwa hivi: wako watu ambao huwezi kuwapenda ila ukiwa mbali nao, na kukaa mbali ndiyo njia pekee ya kuendelea kuwapenda.

Alikaa kitandani, mikono magotini, kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Sasa ningesemaje?

Nikafungua mdomo. Kikatoka hiki: "Anayependwa asimfungie mlango anayempenda. Amwache aende, naye atarudi mwenyewe."

Halipo! Hata neno moja halipo! Sijui lilitoka wapi.

Najua lilitoka wapi.

"Rudia," kasema. Nikarudia, kwa sauti, mpaka nikajishangaa. Akakifunga kitabu mwenyewe. Hata chai hakuulizia.

Alhamisi, 18 Aprili

Nimeachiliwa! "Jumatatu uende shule. Fundi mwenzangu wa mtaa wa nyuma atakuwa ananipitia." Hivyo tu, kama anatupa kipande cha kitambaa. Nikaingia chumba cha cherehani, nikalia juu ya shati la mtu. Ikabidi nilipige pasi upya.

Ila... amempigia Kaka. Nikasikia ukutani: ahsante kwa mstari, mwanangu, umenena kweli, njoo, mlango sijaufunga. Kisha Shangazi anauliza kama simu imekatika. Haikukatika. Atakuja Jumapili.

Furaha yangu imedumu dakika nne.

Jumamosi, 20 Aprili

Nimejaribu kumwambia mara tatu. Asubuhi, nikimtia dawa ya matone: "Shangazi..." – "Nini? Tonesha, usinichome." Mchana, nikaishia kumuuliza kama anataka chai. Jioni, nilimkuta kavaa gauni la samawati la kesho. Kaniuliza kama lina doa. Hajawahi kuniuliza kitu bila kunilaumu kwanza. Nikasema halina.

Nikimwambia, siondoki. Nisipomwambia, nimemwibia mtu asiyeona. Sijui hata nimemwibia nini. Na nimempa nini?

Nimechukua raba, nikafuta ule mstari. Weusi umetoka. Mbonyeo umebaki palepale!

Jumapili, 21 Aprili

Saa tisa mchana. Naandika juu ya cherehani. Begi langu liko tayari, karibu na pasi.

Kaka amefika, peke yake. Mrefu, mpole, viatu kavua mlangoni bila kuambiwa. Shangazi kampapasa uso wote, kamwambia amekonda, hawampikii huko? Hajasema "yule". Halafu: "Kichukue kitabu chako, unisomee ule mstari mwenyewe. Huyu Mnong'ono ana sauti ya mbu." Kaka akanitazama. Nikatazama vidole vyangu. Nikakimbilia huku.

Ukuta huu ni kama karatasi. Kurasa zinageuzwa. Zimesimama. Ameona nilipofuta.

Anakohoa. Anasoma polepole mno: "Mtu mgumu kupendwa... siku atakapowaita watu wa mwanawe kwa majina yao... atampakata mjukuu wake."

Mungu wangu. Hilo nalo halipo!

"Ajabu," Shangazi anasema. "Mwandishi kanijulia mpaka mjukuu."

"Ndivyo kilivyoandikwa, Mama."

"Mwenzio kasoma habari za mlango. Kitabu gani hiki? Kila anayekishika ana kesi na mimi!" Hana hasira. Hiyo ndiyo inayonitisha.

"Mnong'ono!"

Siwezi kuinuka. Naandika tu.

"Mnong'ono, njoo. Mmoja akae kulia, mmoja kushoto. Mnisomee mstari huo. Pamoja. Kwa sauti moja."

Nimeitwa mara mbili. Mara ya tatu huwa ni jina langu lote.

Pazia limesogea. Ni Kaka. Amekishika kitabu wazi kifuani, kidole kiko juu ya ule mbonyeo, na midomo yake inaniuliza bila sauti: upi?