Ile Haikuwa Nyungu, Shangazi

Mpendwa shangazi,

Shikamoo. Najua utashangaa kupata barua. Siku hizi nani anaandika barua, na kitochi chako kinashika mtandao vizuri tu ukisimama pale mwisho wa shamba la mihogo. Nimekupigia mara mbili wiki hii. Kila nikisikia "marahaba mwanangu, za Mwanza," maneno niliyokuwa nimeyapanga yananikimbia, nabaki kukuuliza habari za mvua na za kuku. Ndiyo maana nimekaa chini na kalamu. Vaa miwani yako, tafuta mahali penye mwanga, na tafadhali usome mpaka mwisho kabla hujasema kitu.

Bahasha sikuigundisha. Nimeiacha wazi kwa makusudi, nitakueleza mbele.

Wewe ndiye uliyenifundisha kuwa habari mbaya haizungushwi, kwa hiyo naanza nayo. Kile kifaa cha kijani nilichokupa, kile unachokiita nyungu ya mfukoni, si nyungu. Si dawa ya kifua wala ya mafua. Ni sigara, shangazi. Ni sigara ya umeme, sisi vijana tunaiita vepu. Haina moto wala majivu, lakini ndani yake mna nikotini, kitu kilekile kilichomfunga baba yangu kwenye sigara zake. Nilijua hivyo siku ninakupa. Sentensi hiyo nimeifuta mara mbili, mara ya tatu nimeamua ibaki.

Unakumbuka tulivyokuwa tukijifukiza pale Mkolani? Nilikuwa na miaka saba, baba ametoka kuzikwa, umenichukua na kibegi changu kimoja. Nikipiga chafya mbili tu, tayari umebandika lile sufuria kubwa la nyungu. Majani ya mkaratusi, mchaichai, maganda ya limau. Ulikuwa unatufunika wote wawili blanketi moja, mimi nalia kwamba naungua, wewe unaimba wimbo wa kanisani na jasho linakutiririka, na hufunui mpaka beti zote ziishe. Nilikuwa nakuomba uchague wimbo mfupi. Ulikuwa unachagua wa beti sita, tena unarudia kiitikio. Tukitoka pale macho mekundu, pua zimefunguka, tunacheka kama watu waliotoka kupigana wakapatana. Katika nyumba yetu mvuke ulikuwa kitu chema.

Moshi ndio ulikuwa adui. Wewe ndiwe uliyemuuguza baba mpaka kifua kikamshinda, na siku tuliyorudi kutoka makaburini ulikusanya pakiti zake zote, za kwenye makoti na za chini ya godoro, ukazitumbukiza chooni. Ulisema katika nyumba yako hatavuta mtu mwingine. Hukusema kwa ukali, ulisema kama mtu anayetaja siku ya soko. Ulisema mara moja tu, nami sikuwahi kusahau.

Sasa sikiliza ilivyonipata mimi. Mwenzangu wa kazi pale duka la vitenge alikuwa na kivepu chake, wakati wa mapumziko anasimama nacho mlango wa nyuma, harufu ya embe imejaa duka zima. Akaniambia jaribu. Nikasema mimi sivuti sigara. Akasema, "Siyo sigara bwana, ni mvuke tu." Nilikuwa na miaka ishirini na minne, mtu mzima mwenye akili zake na kadi ya kupigia kura. Nikavuta. Nilikohoa mpaka machozi yakanitoka, naye akacheka, akasema kila mgeni hukohoa, utazoea. Kweli nilizoea, hilo hakunidanganya.

Kile kikohozi, shangazi, ningekisikiliza. Mwili ulikuwa unasema waziwazi, mimi nikadhani ni ushamba.

Halafu ikaja ile jioni nyuma ya nyumba. Nilikuwa nimejibanza kati ya tanki la maji na lile jabali tunaloanikia nguo, nikidhani umekwenda kwenye mazoezi ya kwaya. Kumbe kwaya iliahirishwa. Ulitokea na ndoo mkononi, ukanikuta nimezungukwa na mvuke wenye harufu ya mnanaa. Nilisubiri unipige na ndoo ile. Badala yake ulinusa, ukasogea, uso ukalainika kwa huruma.

"Mafua tena, mwanangu? Unajifukiza?"

Nikasema ndiyo.

Huo ndio uongo wote, shangazi, neno moja. Wewe ndiye uliyenifungulia mlango, mimi nikaingia bila hodi. Ulikishika kile kidude, ukakigeuzageuza, ukasema Wachina hawashindwi, wameweka nyungu kwenye kitu sawa na kalamu. Kisha ukasema maneno niliyokuwa nayaogopa: kwamba kile kikohozi chako cha asubuhi, kile ulichokipata miaka uliyokuwa ukikausha samaki kwa moshi, hakijapona, hebu nawe ujaribu.

Nilikuwa na nafasi. Ingetosha kusema hapana. Lakini nikisema hapana utaniuliza kwa nini, na nikieleza kwa nini utajua ninachofanya pale nyuma ya tanki. Nikakupa. Nilichagua kukupa wewe sumu kidogo kuliko mimi kupata aibu nyingi. Ulijifunika khanga kichwani kama desturi, ukavuta ndani ya khanga yako, ukakohoa sana, ukaibuka unafuta macho na kusema kweli inafungua kifua.

Kuanzia siku ile ulikuwa unaketi jioni kwenye kigoda, umejifunika khanga, mvuke wa mnanaa unatoka pembeni kama chungu kinachochemka. Mungu anisamehe, mara ya kwanza nilicheka. Nilisema moyoni atachoka nacho, ni mtu mzima. Wewe hukuchoka. Ilikuwa jioni tu, ikawa na asubuhi, kisha nikawa nakikuta chini ya mto wako.

Sigara ya baba ilikuwa na mwisho. Alikuwa anaiwasha, inaungua, anaizima, anajua amemaliza moja. Kitu hiki hakina kumaliza moja. Unavuta mara mbili ukipita, mara tatu ukisubiri maji yachemke, na hakuna mtu, hata wewe mwenyewe, anayeweza kusema leo nimevuta kiasi gani. Tena kinanukia vizuri, kwa hiyo hakuna anayekukemea. Na maandishi ya kwenye boksi ni madogo hata mimi mwenye macho ya kijana sikuwahi kuyasoma. Niliyasoma wiki iliyopita kwa mara ya kwanza. Neno nikotini lipo pale, limeandikwa, lilikuwa linanisubiri.

Unakumbuka ile Jumapili ya mvua kilipoisha chaji na dawa yake kwa pamoja? Ulinifokea kwa sababu ya chumvi kwenye dagaa. Wewe, ambaye nilishawahi kukuunguzia maharage ya wageni wa mahari ukacheka. Baadaye ulilala na khanga umeifunga kichwani kwa maumivu, na nilipokuletea chai ulinishika mkono ukasema, "Nisamehe mwanangu, sijui nina nini."

Mimi nilijua una nini. Nilisimama pale na kikombe mkononi, najua, na nikanyamaza. Kesho yake nikapita mjini nikakununulia kingine. Na ulipohamia Ukerewe kumwangalia dada yako, nikakuwekea viwili kwenye begi kati ya sabuni na majani ya chai, na ukanishukuru. Hiyo shukrani yako ndiyo inayoniuma kuliko yote. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imevuka ziwa mpaka Nansio.

Wiki mbili zilizopita ukapiga ukaniagiza vitatu. Kimoja chako, kimoja cha mwenyekiti wenu wa kikundi cha mikeka, na kimoja cha yule mjukuu wa jirani anayebanwa na pumu. Nilisimama katikati ya duka, mteja ananiuliza bei nami simwoni. Nikakwambia mtoto asipewe kabisa, hata kugusa, ni ya wakubwa tu. Ukaniuliza, "Mvuke gani huo unaochagua umri?"

Nilisema mtandao mbaya, nikakata. Mtandao ulikuwa mzuri. Nilipokupigia tena jioni uliniahidi kwamba mtoto hatakigusa, na ahadi yako naijua, kwa hiyo kuhusu mtoto nililala. Kuhusu swali lako sikulala. Ulikuwa umeuliza kitu ambacho mimi nilipaswa kujiuliza pale mlango wa nyuma wa duka, kabla ya kuweka kitu kinywani. Mvuke wa mkaratusi tulipewa sote, wewe na mimi mtoto wa miaka saba, chini ya blanketi moja.

Kesho yake nilikwenda zahanati. Nilimkuta muuguzi mmoja mama mtu mzima, akanisikiliza bila kunitazama kama mhalifu. Aliniuliza tu, tangu niamke huwa napita muda gani kabla ya kuvuta. Nikamwambia huwa navuta kabla sijaamka vizuri. Akatikisa kichwa, akasema basi kimekushika, lakini kilichokushika kinaachika. Aliniambia pia kwamba mtu ambaye hakuwahi kuvuta sigara hana sababu yoyote ya kuanza hiki, na kwamba mwenye kukohoa apimwe kifua, asitafute harufu nzuri. Nimetamani ungekuwepo, mngepatana.

Niliacha siku ileile, na vile vitatu ulivyoniagiza sikuvinunua. Leo ni siku ya kumi na tatu. Sijakwambia hivyo ili unisifu. Nakwambia kwa sababu nimepita njia utakayopita, na safari hii nataka ujue kabla, tofauti na mwanzo. Siku ya kwanza utajiona shujaa. Ya pili na ya tatu ndizo mbaya: kichwa kitauma, mkono utatafuta chini ya mto wenyewe, kila mtu ataongea kwa sauti kubwa mno. Kunywa maji, tafuna karanga, nenda shambani ukapige jembe. Hamu ikija haikai, inapita kama mgeni asiyekaribishwa chai. Na ukiteleza ukavuta, usijione mwovu. Mwovu wa habari hii unamjua kwa jina, ulimsomesha mwenyewe tangu shule ya msingi hadi kidato cha nne.

Vile ulivyonavyo usivitupe motoni, betri yake inaweza kulipuka. Usivitupe ziwani pia. Viweke kwenye mkebe wenye mfuniko, juu, mahali ambapo mtoto hafiki, maana yale maji ya ndani mtoto akiyanywa ni sumu kabisa. Nitavichukua mimi. Na kile kikohozi, nimeshauliza, tutakwenda wote hospitali kipimwe kama kikohozi, sasa kinatimiza mwaka wa ngapi sijui.

Sasa kuhusu bahasha. Najua umewasifia wenzako nyungu ya mfukoni, na sijui wangapi wamevuta kutoka mkononi mwako wakidhani wanatibiwa. Sina haki ya kusimama mbele yao kabla yako, wala sitaki uaibike kwa kosa langu. Ndiyo maana nimeacha wazi. Ukitaka kuwasomea, wasomee yote, hata pale pa tanki la maji, wajue wewe hukudanganya mtu, ulidanganywa. Kama kuna binti yeyote hapo kijijini ambaye ameshikishwa kitu cha namna hii akaambiwa ni mvuke tu, apewe barua hii aisome. Na usipotaka kuwasomea, ichane. Nitakuja niwaambie mwenyewe mmoja mmoja, kama ulivyokuwa ukinipeleka utotoni kuomba radhi kwa majirani.

Nimekukosea, shangazi. Ulilala kwa miaka na hofu ya moshi ule uliomchukua kaka yako, ukaufungia nje ya nyumba, na mimi nikauingiza kwa mlango wa nyuma, nikakuwekea mkononi, nikakuita mgonjwa anayetibiwa. Sikuombi unisamehe kwenye simu. Nakupenda, na nilikuogopa zaidi ya nilivyokupenda. Hapo ndipo nilipoharibu.

Nimeomba ruhusa dukani ya wiki nzima. Nakuja Jumamosi na meli ya asubuhi. Kama unaweza, usianze kuacha kabla sijafika, anza siku hiyohiyo nikiwepo. Zile siku mbili mbaya zikifika utatafuta mtu wa kumfokea. Safari hii utakuwa na sababu, nami nitakuwa hapohapo nyumbani kwako, naosha vyombo, siendi popote.

Ni mimi,
mtoto wa kaka yako.