Kinu Kati Yetu

Jumatatu, 7 Septemba 1914

Wamemchukua Hezroni. Asubuhi, hata uji wake hajamaliza. Askari wawili na jumbe. Wanataka wapagazi wa vita, wamesema, waende ng'ambo ya mto Songwe.

Eti hatabeba mzigo! Eti kwa kuwa anajua Kiswahili atapewa usimamizi. Na aliyemwambia jumbe hivyo ni nani? Baba yake mwenyewe. Ndiye aliyetaja jina la mwanawe, akidhani anamwokoa. Nina hasira mpaka meno yananiuma.

Daftari hili ni la Hezroni. Alirudi nalo kutoka Dar es Salaam, alikofanya kazi miaka mitatu kwa Mgiriki mmoja mkaanga kahawa. Hajaandika hata ukurasa. Naandika kwa Kiswahili alichonifundisha yeye — hapa Mwaya, kando ya ziwa, kati ya wenyeji, hakuna mwingine anayekisoma. Afadhali. Nitasema ninavyotaka.

Kesho nafungua duka letu la kahawa. Kwa kukaanga hanishindi, na anajua.

Jumamosi, 19 Septemba

Wifi yangu Angetile ameshuka na kahawa ya baba yake kutoka mlimani. Mfuko mzima, bado na maganda. Nimetwanga, nimepepeta, nimekaanga vikaango vitatu. Kikaango changu ni cha udongo, kazi ya Wakisi wafinyanzi, kizito chini, hakina haraka. Waarabu wanataka mbegu nyekundu-nyekundu. Askari wanataka nyeusi, maskini, hawajui kitu. Karani wa forodha anataka ya katikati, anakaa kwenye gogo na kunusa tu. Anasema pwani nzima hakuna kahawa kama hii. Mwongo! Lakini nimemjazia kikombe.

Hezroni alinifundisha hivi: mbegu hupasuka mara mbili. Ya kwanza, tega sikio. Ya pili ikianza, epua, usingoje hata kumeza mate. Miaka minne ya ndoa sijaunguza kikaango hata kimoja.

Angetile kaleta na salamu. Baba yake anasema kahawa niliyompelekea wiki jana niliiepua mapema, kama nusu pumzi. Nusu pumzi! Nimenuna. Halafu nimeionja tena. Ni kweli.

Sijawahi kumwona uso huyo mzee. Ndiyo ukutila, desturi yetu: mke wa mwana hamtazami baba mkwe, hasemi naye, hataji jina lake. Hata humu siliandiki. Yeye hukohoa njiani ili nijue anakuja, nami najitupa migombani na nguo kichwani. Wamisionari wamesema wee, wamechoka. Namjua kwa kikohozi chake na kahawa yake. Basi.

Alhamisi, 8 Oktoba

Karani wa forodha kaondoka, meli hazifiki tena. Angetile kaenda Ngonga kwa mumewe, anasubiri kujifungua. Vijana wote wamechukuliwa. Nani atanishushia kahawa?

Leo nimemtamani Hezroni mpaka nikaona aibu, mchana kweupe, nimeshika ungo.

Jumamosi, 10 Oktoba

Kaja mwenyewe! Mzee yule, na mzigo kichwani, kutoka mlimani!

Nikasikia kikohozi nyuma ya nyumba, nikakimbilia jikoni, nikajibanza. Mzigo ukawekwa chini. Angetile hayupo, nani wa kupokea maneno? Mara nikasikia anaongea. Si na mimi — anaongea na kinu! Kinu changu kiko jikoni, pembeni ya ukuta wa mianzi, na ndiye aliyekichonga, mwaka nilioolewa.

"Ewe kinu, ugonile. Mwambie mwenye nyumba kahawa hii ilinyeshewa. Aianike siku mbili, asiwe na pupa."

Kakiamkia kinu kama mtu! Nimecheka ndani ya nguo yangu. Hasira zote zile, na nimecheka.

"Kinu, amesikia?"

Jamani, nijibu vipi? Nikachukua mchi, nikagonga mara moja, ko. Naye nje akagumia, ameridhika. Akasema haya, moja ni ndiyo, mbili ni hapana, tumeelewana. Akaenda zake akikohoa, njia nzima.

Jumamosi, 24 Oktoba

Sasa kila Jumamosi, adhuhuri. Kinu, ana chumvi? Ko. Kinu, paa linavuja? Ko ko. Anauliza taratibu, anasubiri. Sijawahi kuulizwa hali yangu na mtu kwa uangalifu hivyo, na hatuonani!

Swali la mwisho ni lile lile. Kuna habari za kule? Ko ko.

Leo hakuondoka. Alisimama. Halafu akasema polepole, "Kinu, mimi ndiye niliyemtaja."

Sikugonga. Ningegonga ngapi? Nilitaka kubaki na hasira yangu, ni yangu, nimeilea. Imeniponyoka. Nimemlilia yeye, si Hezroni.

Jumamosi, 14 Novemba

"Kinu, mwambie ya wiki jana haina kasoro."

Haina kasoro! Nimetembea uani kama bibi harusi.

Jumatano, 2 Desemba

Aliko karudi, yule jirani aliyechukuliwa siku moja na Hezroni. Mguu umevimba, anachechemea kwa fimbo. Waliwatenganisha tangu Songwe, hajui lolote. Ila njiani karani wa wapagazi alimpa barua, akasema peleka Mwaya, kwenye duka la kahawa.

Nimeisoma nimesimama. Kisha nimekaa chini, nikaisoma tena.

Aliharisha damu. Siku sita. Alibeba mzigo kama wengine wote, hakuna cha usimamizi. Tarehe 11 Novemba. Wamemzika kando ya kijito, karani hajui jina la kijito. Anasema barua hii asomewe baba wa marehemu.

Tarehe 11! Jumamosi ile natembea uani kama bibi harusi, Hezroni wangu alikuwa ardhini siku ya tatu.

Aliko aliuliza, habari njema? Nikamwambia ndiyo, ahsante, kalaze mguu. Sijui sauti ile ilitoka wapi.

Alhamisi, 3 Desemba

Sijalia. Nikilia, Mwaya nzima italia, na mayowe yatapanda mlima kabla ya mtu. Baba asisikie msiba wa mwanawe kwa wapita njia, hapana.

Angetile kajifungua juzi, hawezi kutoka ndani. Nimemwendea Eliud, mzee wa kanisa. Kiswahili hakijui, nimemweleza kwa Kinyakyusa, neno moja moja. Alinishika mabega. Akasema Jumamosi adhuhuri, mzee akija, atamkuta yeye hapa, atamwambia yeye. Mimi nijikaze siku mbili, nisitoe sauti.

Siku mbili. Nimekaanga, nimeuza. Askari mmoja kaniambia kahawa yako tamu leo, mama. Ningemrushia kikaango.

Blanketi lake bado lina harufu ya kahawa. Mungu wangu, Hezroni, nani alikufunika kule?

Jumamosi, 5 Desemba

Kaja mapema! Umande haujakauka, na Eliud hajafika.

Kikohozi. Mzigo chini. Kinu, ugonile. Nikagonga, ningefanyaje?

Akasema ameota. Hezroni amekaa hapa anakaanga, moshi unamtoa machozi. Ameshindwa kungoja adhuhuri, ameshuka tangu kabla ya alfajiri.

"Kinu, barua imekuja?"

Ko. Sikuweza kudanganya.

Akavuta pumzi, niliisikia kupitia mianzi. Nilidhani ataishia hapo. Akauliza — hajawahi kuuliza hivi, miezi yote hii — "Kinu, mwanangu yu hai?"

Niseme kwa mdomo? Sauti yangu hajawahi kuisikia. Isije ikawa kwa neno hili. Nikasema moyoni, basi, mchi. Mara mbili, atajua, tutalia huku na huku ya ukuta mpaka Eliud aje. Nikagonga ya kwanza.

Ya pili mkono ukagoma. Mchi uko juu, haushuki. Najiambia shusha, shusha, mwanamke wewe, shusha! Mchi ukanitoka, ukaangukia kwenye majivu bila sauti.

Naye ameshasikia. Moja.

"Ndaga, Kyala! Ndaga fijo!" Anamshukuru Mungu, anacheka. Sijawahi kumsikia akicheka. Anachekea puani, jamani, kama Hezroni, kile kile! Anapiga makofi peke yake nje. Anamwambia Mungu, kumbe sikumuua mwanangu kwa mdomo wangu, sikumuua.

Nimegonga. Nimegonga ya pili kwa ngumi, nimegonga tena, mbili, tatu. Anadhani nafurahi. Anagonga mianzi kule nje kunijibu.

"Kinu, mwambie anikaangie leo, papa hapa. Nakaa nangoja. Kwa huyu mtoto sijawahi kunywa ikiwa moto."

Nimewasha moto. Nimeweka kikaango. Naandika nimekaa jikoni, daftari gotini, mwiko mkono wa kushoto. Nikiacha kuandika nitapiga yowe. Eliud, uko wapi? Uje basi! Anaimba huko, wimbo wa kanisani, anakosea maneno, anarudia kwa furaha.

Zimepasuka ya kwanza.

Natega sikio, Hezroni, kama ulivyosema. Nikimpa hii atainywa kwa furaha, tone kwa tone, na mimi nitakuwa nimemnywesha uongo. Ni baba yangu. Sina mwingine.

Ya pili imeanza. Epua, Anyosisye, najiambia.

Siepui. Mkono tena. Moshi umejaa, macho hayaoni mstari. Ziungue. Zote ziungue.

Wimbo umekatika.

"Kinu," anasema. "Inaungua."

Moshi unapenya mianzi.

"Kinu, huyu hajawahi kuunguza."

Ameinuka, nimesikia magoti yake. Haulizi tena. Anazunguka nyumba, mkono wake unapapasa mianzi, umefika pembeni, unakuja mlangoni. Nguo yangu ya kichwani iko pale juu ya gunia, karibu, naweza kuifikia.

Hajakohoa.