Mtaa Mzima Unanukia Mtalaka Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Muuza nyama kachukua chupa ya marashi yangu ya Mstaafu. Karani wa benki kachukua Mstaafu. Kinyozi kachukua chupa mbili, moja yake na moja ya kuwapulizia wateja shingoni baada ya kuwanyoa. Kwa hiyo sasa hata wasionunua wananukia. Hongera, mama. Umefanikiwa.

Niandike vizuri, nisije nikazeeka nikasahau. Rafu ya juu dukani naiita ya wastaafu: marashi ya kiume ya majina makubwa ambayo viwanda viliacha kuyatengeneza. Mwanaume akishazoea harufu yake ni kama mtoto na titi, kumwachisha kazi. Wanakuja wamenuna, mimi nawachanganyia ya kufanana, mafuta kidogo, spiriti nyingi, bei ya mtu wa kawaida. Siyo yenyewe. Ni binamu yake, tena binamu wa mbali. Yote nayaiga kwa kunusa chupa ya zamani aliyoniletea mtu. Isipokuwa moja, huyu Mstaafu. Hii inayouzika kama maji, ile ya kwenye chupa ya bluu, sikuwa na pa kunusia. Niliitoa kichwani. Ndiyo aliyokuwa akijipulizia Mheshimiwa, mtalaka wangu, na mashati yake nilifua mimi ndoa nzima. Moyo ulishasahau, pua ikagoma.

Matokeo yake ndiyo haya. Nikienda kununua nyama, yeye. Nikipanga foleni benki, yeye. Nimemfukuza mlangoni, nikamrudisha dirishani, na faida nimeweka juu.

Jumapili fundi friji anakuja kwa shangazi kusikia jibu langu la posa. Namtaka. Haya, nimeandika. Namtaka na grisi yake ya kwenye kucha, na hajawahi kunukia kitu zaidi ya kuoga.

Jumatano, 5 Machi

Balaa. Fundi kaja dukani mchana, kavua kofia, kasimama kama mgonjwa mbele ya daktari. Anataka kitu cha kujipulizia Jumapili, asije akaniaibisha kwa shangazi. Nikamwambia hahitaji. Akadhani namhurumia mfuko. Akanyoosha kidole: nipe kile wanachochukua wenzangu.

Ningesemaje? Kwamba wenzako wote ni mume wangu? Nikampulizia kwenye mkono. Akanusa, akatabasamu, akauleta mkono puani kwangu na mimi ninuse.

Mkono mzuri ule, halafu juu yake Mheshimiwa kakaa anasoma gazeti na kuuliza chai iko wapi. Nikarudi nyuma hadi nikagonga rafu. Fundi aliona. Kalipa, kavaa kofia, kaondoka na chupa yake.

Atadhani ni yeye. Na mimi nitaishije na mtu ambaye nikifumba macho ni mwingine? Nimeharibu. Nimeharibu kwa mikono yangu mwenyewe, tena kwa ustadi.

Alhamisi, 6 Machi

Fundi hapokei simu.

Shangazi anapokea sana. Kaniambia mwanamke wa umri wangu hachagui, ashukuru kupata makombo. Nikamwambia makombo haya yana duka. Akaguna. Akasema Mheshimiwa walau alikuwa mwanaume wa kunukia, ukikaa naye unajua umekaa na mtu. Shangazi huyu! Jasho lote nilinusa mimi, yeye akala marashi.

Ijumaa, 7 Machi

Leo nina mengi.

Asubuhi mlango unafunguka, harufu inaingia, siinui hata kichwa. Nikajua ni karani wa benki. Kumbe ni mwenye harufu yake. Mheshimiwa, na koti, na kitambi kipya. Salamu zake zile zile za mtu anayezindua jengo.

Kasikia naiga ile yake. Kiwanda kimeacha, amebakiwa na matone, akaja anijaribu. Kajipulizia yangu. Kafumba macho. Nikasubiri dharau. Akasema polepole kwamba hii ndiyo yenyewe, halisi kabisa. Na kwamba hii yake ya kwenye chupa, ya bei mbaya, siku hizi imepwaya. Wameichakachua, wezi wale. Nikamuuliza tangu lini. Akataja. Ni majira yale yale niliyofungasha masanduku yangu.

Kaniachia chupa nilinganishe, nimtengenezee ya mwaka mzima. Alipotoka nikafunga mlango nikakaa kazini. Vijiti vya karatasi vya kunusia, kimoja yake, kimoja yangu. Yake: ganda la limau, mbao, tumbaku kidogo, basi. Nzuri, lakini baridi. Yangu ina yote hayo na kitu kingine chini yake, kitu cheupe, cha uvuguvugu. Nilikiweka mimi, nakumbuka, nilihangaika nacho wiki nzima kwa sababu bila hicho haikuwa yeye. Ila ni nini? Nikanusa, nikanusa, pua ikachoka.

Pua ikichoka sisi watu wa kazi hii tunanusa mkono wa nguo yetu wenyewe. Ndiyo kupumzika kwenyewe, maana harufu yako huisikii, ni kama kimya. Nikainamia mkono wa gauni langu.

Ndiyo hiyo.

Sabuni yangu ya kufulia, na maji ya wanga, na pasi ya moto. Nilikuwa nikiyanusa yale marashi kwenye kola zake, na kola nilifua mimi. Nikaiga vyote pamoja, mume na ufuaji. Kilichopwaya kwenye chupa yake si kiwanda. Ni mimi niliyeondoka.

Nimecheka peke yangu hadi muuza viatu wa jirani akagonga ukuta. Halafu nimelia kidogo, si kwa huzuni, kwa hasira. Miaka yote ile nilidhani nyumba inanukia yeye.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda karakana kwa fundi kwa miguu yangu. Alikuwa amelala chini ya friji, miguu tu nje. Ikawa rahisi, nikaiambia miguu yote: Mheshimiwa, kola, pasi, na kwa nini nilirudi nyuma Jumatano. Miguu ikatulia. Akauliza kutoka huko chini, kwa hiyo uliikimbia sabuni yako mwenyewe? Nikasema ndiyo. Akasema sawa. Akaomba nimpe bisibisi ndogo.

Sawa! Sawa ya kuja kesho au sawa ya kwaheri? Sikuuliza. Ulimi wangu wa dukani kwake unakwama.

Jioni Mheshimiwa kafuata chupa yake. Nikamweleza ukweli na yeye, kwa raha zangu, taratibu, kama ninavyomwelezea mteja mbishi. Nilitaka ashuke. Akaitazama chupa, akaondoka bila kuaga. Nikajua nimemmaliza.

Jumapili, 9 Machi

Naandika jikoni kwa shangazi, shajara juu ya mfuniko wa sufuria. Maji ya chai yanachemka, yachemke.

Fundi kaja. Shati jeupe, hajajipulizia chochote. Kaniangalia mara moja tu alipoingia na mimi nikajiweka sawa kilemba, umri huu. Shangazi kamkalisha kiti cha pembeni, kile kibovu.

Halafu hodi. Mheshimiwa! Na koti. Nani kamwambia? Sina haja ya kuuliza, shangazi kamvutia kochi kubwa kabla hajamaliza salamu.

Mlango wa jikoni uko wazi kidogo, nasikia yote. Anasema jana nimemfungua macho. Kumbe muda wote alikuwa akitafuta kitu asichokijua, akakilaumu kiwanda. Sasa anakijua. Sauti inamtetemeka, naapa, analia kweli. Nikaanza kuogopa. Sijawahi kumsikia hivyo, na shangazi anaitikia kama yuko mahubirini. Ndipo akamalizia: kwa hiyo nirudi, na safari hii sitachoka, ataninunulia mashine ya kufulia.

Shangazi kasema, mashine!

Nimesikia kiti kibovu kinalia, nikajua ndiyo anainuka, anakwenda zake, na haki anayo, sijampa hata neno moja la kushikilia. Niko na kalamu badala ya kutoka.

Hajainuka. Kasogea mbele tu. Anamuuliza Mheshimiwa, kwa upole ule ule anaowaulizia wateja, hiyo mashine ni ya mlango wa juu au wa mbele.

Na Mheshimiwa anamjibu! Wa mbele, anasema, ya kisasa.

Za mbele zinavuja, kaka, anasema fundi. Utajifunza tu kukausha sakafu.

Nimecheka. Si kicheko cha mke mtarajiwa, ni kile cha sokoni, kimetoka chote, nimeziba mdomo kwa taulo la sahani nimechelewa. Shangazi anauliza nani huyo anacheka watu wakizungumza mambo ya maana. Nyayo zake hizo zinakuja. Jibu sijatoa, siwezi kujizuia, na huko sebuleni kuna mwingine naye ameanza kucheka, si Mheshimiwa, na shangazi huyu hapa mlangoni, na