Diski Ndogo ya Studio

Jumatatu, 2 Machi
Video ya harusi ya kule Nsimbo imeingia kwenye kompyuta. Kazi inaenda kasi tangu nitenganishe: majina ya faili na mahali zilipo vinakaa kwenye diski ndogo ya kasi, video zenyewe kwenye zile kubwa za polepole. Nimemwambia Masanja, mwenzangu wa studio: hii ndogo ikipotea, hatuna kitu. Aliitazama sana. Sikupenda alivyoitazama.

Jumatano, 4 Machi
Nimekuta kompyuta imeganda. Folda kadhaa hazipo. Diski kubwa zimejaa vilevile, kwa hiyo video zimo, ila hakuna kinachojua ziko wapi. Jana niliondoka mapema, wingu lilipotanda. Masanja ndiye aliyefunga. Leo anapiga mluzi. Ana nini cha kufurahia?

Alhamisi, 5 Machi
Baba Neema amepiga simu kutoka Mwese. Mkewe amefariki. Flash tuliyompa ililowa, kwa hiyo anakuja Jumamosi kuchukua tena video ya siku walipobariki ndoa. Hana nyingine inayomwonyesha mama huyo akitembea, akicheka. Folda yake haipo. Sikumwambia.

Masanja hunywa chai na wale wa studio ya jirani, wanaotuvizia wateja siku zote. Nimepekua begi lake, sikukuta kitu. Sioni aibu.

Ijumaa, 6 Machi
Mchana wingu jeusi. Nikaaga naenda sokoni, nikajibanza dirishani. Radi ya kwanza tu, Masanja akachomoa diski ndogo, kompyuta ikiwaka, akaiviringisha kwenye kitenge, akaitia begini. Niliingia kama mwehu. Nikamwita mwizi mbele ya wateja.

“Dada Editha, kwetu radi ikinguruma tunachomoa vyote. Hizo kubwa ziungue tu. Si ulisema hii ndiyo yenye kila kitu?”

Kumbe kila mvua analala nayo kwake, asubuhi anairudisha kabla sijafika. Anailinda. Hasira ninayo bado, sijui ya nani. Na kwa kuchomolewa hivyo kompyuta ikiwaka, diski sasa haisomeki kabisa.

Jumamosi, 7 Machi
Hakuna aliyemwomba mwenzake radhi. Tumeokoa vipande kutoka diski kubwa. Havina majina, harusi za watu zimechanganyika. Nilimweleza Baba Neema ukweli. Hakugomba. Alivuta stuli akaketi kati yetu, tukafungua kimoja kimoja.

Yake haijaonekana. Ila kwenye harusi ya watu wa Litapunga, mwanamke alipita nyuma ya maharusi na sufuria la wali, akamchekea mpiga picha. Baba Neema akasema, ni yeye. Hakuwahi kujua kwamba mkewe alienda kupika huko.

Nje radi ikanguruma. Masanja akaniangalia, mikono magotini, hakugusa kitu. Baba Neema akaomba turudishe nyuma kidogo.