Maombi ya Anko Kaimenyi Katikati ya Ziwa

Kagure, aki kaa chini kwanza. Tulikuwa tunampeleka Anko Kaimenyi kisiwani kuona boma la Odero, yule mvuvi anataka kuoa Kinya. Boti imezama! Sote tuko salama.

Maji yalianza kuingia, mwenye boti akatugawia ndoo, tukachota. Na tulikuwa tunashinda! Anko akasimama na koti lake la mzee wa kanisa. "Wacheni ndoo! Tufunge macho, tuombe!"

Na tukafunga. Kagure, TUKAFUNGA MACHO.

Unajua maombi yake, yale yalipoza chakula kwa harusi ya Muchangi. Alikuwa bado anabariki migomba yake huko Mitunguu, maji yakafika magotini. Kinya ndiye alifungua macho, akapiga nduru.

Odero akatoka ufuoni na boti yake mbio. Akamshika Anko kwa kola. Anko, maji mdomoni: "Wewe... unaenda kanisa gani?"

"Mzee, panda kwanza."

Sasa tuko kwa mamake Odero, tunakunywa chai. Anko amevaa suruali ya Odero, amejifunika blanketi ya Odero, na ametoa uamuzi: hawezi kupeana msichana wetu kwa mtu wa kazi hatari hivi.