Mlimzika Kambo Nikiwa Uwanjani

Lubumbashi, Jumanne

Baba yangu mpendwa,

Jambo sana. Najua nyumba bado iko kwenye kilio, kwa hiyo sitauliza habari kama nilivyozoea. Kifua chako kimepoa? Mama anapata usingizi? Mimi mwili mzima, moyo ndio mbaya. Nimechana karatasi mbili kabla ya hii kwa sababu ya hasira, na hasira yenyewe haijaisha. Usome umekaa.

Huko Sakania mnaona picha za ushindi tu. Alfajiri niko mazoezini, saa mbili niko darasani, mara nyingi sakafuni kwa kuwa viti vimejaa, na magoti ya kipa yananiuma kama ya mzee. Wiki ya fainali ya handiboli nilikuwa natapika kwa wasiwasi kila asubuhi. Sikukuambia, maana ungesema mwanamichezo halalamiki.

Alhamisi kocha alitufungia kambini kama desturi, akakusanya simu zote ili habari za nje zisituvuruge. Mimi kapiteni nikatoa yangu wa kwanza. Francine, mtoto wa Sakania mwenzetu, akaficha yake ndani ya soksi. Niliitoa mwenyewe na kumgombeza mbele ya timu nzima. Nilijiona kiongozi kweli!

Ijumaa asubuhi kambo akafariki. Kambo, mama yako, bibi yangu aliyenilea miaka yote ile wewe na mama mlipokuwa mkihangaika na biashara Mokambo. Jumamosi asubuhi mkamzika. Jumamosi mchana nikadaka penalti mbili, tukashinda, wakanibeba mabegani, nikaimba, nikazunguka uwanja nikikata kiuno. Nilicheza ngoma, baba, na udongo wa kaburi lake haujakauka!

Simu ziliporudishwa, Francine akafungua yake, akaanza kulia. Dada yake alikuwa amemwandikia tangu Ijumaa: "Ambia Odile, kambo yake ameshakufa. Akuye mbio." Ningemwachia ile simu, ningepanda gari siku ileile na kuwahi maziko.

Nikamfuata kocha. Hata hakushtuka.

"Baba yako mwenyewe alipiga simu," akasema. "Alisema: mumuache amalize match kwanza, atamulilia kisha. Siye tulifanya tu vile alisema."

Nikamwambia simu yangu haitaingia tena katika mfuko wake, wala ya msichana yeyote ninayemwongoza, na kama hataki atafute kipa mwingine. Kisha nikamwomba Francine msamaha mbele ya timu, kwa kuwa mbele ya timu ndipo nilipomwaibisha. Hilo lilikuwa gumu kuliko fainali.

Sasa nakuja kwako. Najua kwetu mtu aliye safarini haambiwi msiba mpaka afike. Mimi sikuwa safarini. Nilikuwa nacheza mpira! Nina miaka ishirini na miwili, baba, na ulinipima ukaona kikombe kinanifaa kuliko kumzika kambo. Kikombe chenyewe kimefungiwa ofisini kwa kocha. Mimi nalia peke yangu chumbani, bila shangazi wa kunishika, wakati ninyi mlishalia pamoja mkamaliza.

Nina mtihani Ijumaa, kisha naja. Unipeleke kaburini wewe mwenyewe, usimtume mtu.

Msalimie mama, najua hakuulizwa. Shangazi aliyemwosha kambo, mwambie nitakuja kumshukuru. Kaka yangu mkubwa aliyebeba jeneza naye umsalimie, ila ajue namba ya kocha alikuwa nayo na alinyamaza.

Na nikuulize jambo moja, baba, unijibu kwa mkono wako: siku yako ikifika, Mungu aicheleweshe, ni nani umeshamwagiza anifiche habari?

Ni mimi binti yako,
Odile