Filta ya Dijitali kwenye Slaidi ya Bibi

Mjomba,

Nimeuharibu ule mkanda wako wa slaidi, filamu ya picha za kurusha ukutani. Naanza na hilo maana nikizunguka sitalisema.

Ule mmoja uliobaki kwenye friji, chini ya samaki. Ulisema ni wa bibi, kwamba utapanda kijijini Ibaba umpige mama yako picha za rangi halafu umrushie ukutani ajione mkubwa. Kila mwaka ulisema. Halafu ukatutoka. Sasa macho ya bibi yanapungua nguvu, nikaona nisisubiri.

Filta zako zilishaota ukungu, nikanunua mpya hapa Tunduma, ile nyeusi ya kukata mng'ao. Kwenye boksi wameandika ni ya kamera za dijitali. Jamaa wa kwenye grupu la wapiga picha wakanitisha kwamba kwenye slaidi itaharibu rangi. Nikaifunga kwenye lenzi yako, ikaingia freshi. Nikaizungusha, anga la Ibaba likawa bluu, aisee mjomba, bluu mpaka unataka kuigusa. Nikapima mwanga kwa kile kipimo chako cha mkononi, nikapiga picha zote thelathini na sita. Bibi kavaa kitenge cha kanisani, anakaa, anasimama, ananiuliza hii haraka nimeirithi wapi.

Dereva mmoja wa malori, Baba Zuberi, akaubeba mkanda mpaka Afrika Kusini kusafishwa. Miezi miwili. Uliporudi nikainua slaidi ya kwanza dirishani. Giza. Ya pili, giza.

Filta haina kosa, mjomba. Rangi ziko sawa kabisa. Kosa langu. Kamera yangu ya dijitali inapima mwanga kupitia lenzi, ukiweka filta inajua yenyewe. Kipimo chako kiko mkononi, kitajuaje kama lenzi nimeivisha miwani ya jua? Nilitakiwa niongeze mwanga. Sikuongeza. Na uliniambia, "Slaidi haina msamaha, siyo hizo zako za kurekebisha kwenye kompyuta."

Wiki nzima nilitaka kumdanganya bibi kwamba mkanda umepotea mpakani. Nikashindwa. Nikapanda na projekta yako, nikaziba dirisha kwa blanketi mchana kweupe, nikawasha. Ukutani kikatokea kivuli kilichovaa kitenge. Bibi akasogea karibu aguse ukuta.

"Mjukuu wangu, mbona umenipiga usiku?"

Nikamwambia ukweli wote. Akacheka mpaka akakohoa. Kumbe mkanda wako wa kwanza ulitoka mtupu kabisa, nawe ukasusa chakula siku tatu ukidai kamera imerogwa. Hukuwahi kuniambia. Miaka yote ile unanigombeza mimi.

Alipomaliza kucheka akanishika mkono. "Tafuta mwingine," akasema. "Ila usichelewe kama yeye."

Nimeshaagiza, mjomba. Mkanda ukifika tu napanda, hata kama barabara ni tope. Nitapima mara mbili, nitaongeza mwanga, nitapiga taratibu. Bibi atajiona, nakuahidi, na atajiona macho yake yakiwa bado yanamtosha.

Lala salama.

Mpwa wako